Tuijue Nchi Yetu: Kwa Treni hadi Dar es Salaam, na Kurudi Jioni

Mwezi huu tunapanda treni. Tunaondoka Morogoro asubuhi, tunakwenda Dar es Salaam, na jioni tunarudi. Hatuendi kununua bidhaa. Hatuendi kumwona mgonjwa, wala kufuata kesi. Tunakwenda kuutazama mji.

Najua wapo watakaocheka. Watasema, "Kutazama mji? Nauli hiyo si heri kununua mbolea?" Swali hilo ni la haki. Treni mpya ilipoanza kubeba abiria mwezi wa Juni mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilikuwa shilingi 13,000. Kwenda na kurudi ni shilingi 26,000. Kwa mkulima hizo si fedha za kuchezea. Kwa hiyo sikuambii uende kila mwezi. Nasema nenda mara moja, baada ya mavuno, na ujiandae vizuri. Ukijiandaa utaona vitu ambavyo jirani yako aliyefika Dar es Salaam mara ishirini hajaviona.

Watu wengi wa vijijini wanafika mjini, wanashuka, wanakwenda moja kwa moja kwa ndugu zao, kisha wanarudi. Wameupita mji kama mtu asiyejua kusoma anavyoupita ubao wenye maandishi. Wewe sasa unajua kusoma. Mji ule umejaa maandishi, juu ya milango, kwenye sanamu, na kwenye vibao vya mitaa. Tena majina mengine ya mitaa yanahusu babu zetu, kama utakavyoona.

TIKETI NA SAA

Kituo kipya cha Morogoro kipo Kihonda. Usiende stesheni ya zamani ukidhani ni hapo. Chukua kitambulisho chako, kwa sababu utaulizwa. Fika mapema, saa nzima au zaidi kabla ya treni kuondoka. Mizigo hukaguliwa kwa mashine, na foleni huwa ndefu. Ukichelewa dakika tano, treni hii haikusubiri kama basi linavyosubiri abiria.

Ukipewa tiketi, isome pale pale dirishani kabla ya kuondoka. Tazama jina lako, tarehe, namba ya behewa na namba ya kiti. Halafu tazama saa, na hapa uwe mwangalifu sana. Ratiba za treni haziandikwi kwa saa za Kiswahili. Zinahesabu kuanzia usiku wa manane hadi saa 24. Ukiona 07:00, hiyo ni saa 1 asubuhi. Ukiona 13:00, ni saa 7 mchana. Ukiona 18:00, ni saa 12 jioni.

Njia ya kugeuza ni rahisi: toa 6. Saa 13 ukitoa 6 inabaki 7. Saa 18 ukitoa 6 inabaki 12. Jibu likizidi 12, toa tena 12. Kwa mfano 19:00: toa 6, inabaki 13. Toa 12, inabaki 1. Basi hiyo ni saa 1 usiku. Fanya hesabu hii kwa tiketi ya kwenda na kwa tiketi ya kurudi. Mtu anayesoma 17:00 akadhani atasafiri usiku atalala mjini bila kupenda, kwa sababu treni yake imeondoka saa 11 jioni.

Ratiba hubadilika. Kabla ya kukata tiketi uliza treni ya kwanza ya asubuhi ni saa ngapi, na treni ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi. Siku yako ya matembezi itakuwa katikati ya saa hizo mbili.

RELI MBILI

Kati ya Morogoro na Dar es Salaam kuna reli mbili. Ya zamani ni nyembamba. Upana kati ya chuma kimoja na kingine ni mita moja kamili. Reli mpya ina upana wa sentimita 143 na nusu. Treni yake inakwenda kwa umeme, na reli ilijengwa ili treni iweze kufika mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Safari yetu inachukua muda wa saa mbili hivi, na pengine chini yake.

Reli ya zamani nayo ina habari yake. Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1905, kutoka bandari ya Dar es Salaam. Mwaka 1907 ilifika Morogoro. Mwaka 1912 ilifika Tabora, na mwaka 1914 ilifika Kigoma. Kampuni iliyojenga ilikuwa ya Kijerumani, lakini waliochimba udongo, waliopasua mawe na waliobeba vyuma walikuwa watu wa nchi hii. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Hapo kabla ndio hao hao waliokuwa wakibeba pembe za ndovu begani kutoka bara hadi pwani. Baada ya reli kwisha, mzigo uliokuwa ukichukua msafara wa miezi uliweza kufika pwani kwa siku chache. Wakoloni walitaka mazao yatoke na askari waingie. Hayo yote yalipita juu ya vyuma vile.

Kaa dirishani ukiweza. Treni ikitoka Morogoro, milima ya Uluguru ipo upande wako wa kulia. Itazame vizuri, maana baada ya muda utauvuka mto Ruvu, na maji ya Ruvu huanzia milima hiyo. Maji yanayonywewa Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hutoka mto huo. Mtu wa Uluguru anayekata miti kando ya kijito anagusa bomba la mtu wa Kariakoo, ingawa hawajuani.

Utapita Ngerengere, Ruvu na Soga. Kabla ya kuingia mjini utapita Pugu. Hapo Pugu, katika shule ya sekondari ya Mtakatifu Fransisko, ndipo Mwalimu Julius Nyerere alipokuwa akifundisha wakati chama cha TANU kilipoundwa. Mwaka 1955 aliacha kazi ile ya ualimu ili afanye kazi ya chama.

MJI ULIOANZA KAMA KIJIJI

Kabla ya kushuka, jua kwanza mji huu umetoka wapi. Hapo zamani palikuwa na kijiji cha wavuvi na wakulima, jina lake Mzizima. Miaka ya 1860 Sultan Majid bin Said wa Unguja aliipenda bandari ile. Mdomo wake ni mwembamba, na ndani maji yametulia. Akaanza kujenga mji, ukaitwa Dar es Salaam. Mwaka 1870 Majid akafa. Ndugu yake aliyemfuata, Sultan Barghash, hakuushughulikia sana, na majumba mengine yakaanza kubomoka. Kisha Wajerumani wakaja. Mwaka 1891 walihamisha makao ya serikali yao kutoka Bagamoyo, wakayaleta Dar es Salaam. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka mji. Tarehe 9 Desemba 1961 tukapata uhuru.

Kwa hiyo ukitembea Dar es Salaam utaona kazi ya mikono ya namna nne: ya wakati wa Sultani, ya Wajerumani, ya Waingereza, na ya kwetu baada ya uhuru. Mchezo mzuri wa siku hii ni kutazama kila nyumba na kujiuliza: hii ni ya wakati gani?

Tunashuka. Kituo kipya kipo karibu na stesheni ya zamani, katikati ya mji. Hatuhitaji basi wala bajaji. Matembezi yetu ni ya duara. Tutakwenda kando ya bandari, tutazunguka kwa upande wa bahari, tutarudi kwa njia ya Mnazi Mmoja na Kariakoo, na tutatokea tena kituoni. Vaa viatu ulivyovizoea. Beba maji ya kunywa, kwa sababu joto la pwani si kama la Morogoro. Fedha ziweke mfuko wa ndani, na mwende wawili au watatu pamoja.

NYUMBA YA MATUMBAWE

Fuata barabara ya Sokoine, bandari ikiwa upande wa kulia. Baada ya muda mfupi utaona nyumba nyeupe nene yenye mlango wa mbao uliochongwa. Hiyo ndiyo Boma la Kale. Ilijengwa wakati wa Sultan Majid, mnamo mwaka 1867. Ni miongoni mwa nyumba za zamani kabisa zilizobaki mjini. Ilifanyiwa ukarabati, na mwaka 2017 ikafunguliwa kuwa mahali pa maonyesho ya historia ya majengo ya mji.

Simama hapa kidogo. Wewe ni mtu unayejua kujenga nyumba yako mwenyewe, basi itazame kama fundi. Hakuna saruji katika kuta zile za zamani. Kuta ni za mawe ya matumbawe, yaani mawe yatokayo baharini. Yameshikanishwa kwa chokaa. Na chokaa hiyo nayo ilitoka katika matumbawe. Mafundi walipanga kuni nyingi kwa duara, wakarundika matumbawe juu yake, wakachoma. Mawe yalipoiva waliyamwagia maji, yakawa unga mweupe laini. Unga ule ulichanganywa na mchanga, ukawa udongo wa kujengea. Kazi yote hiyo ilihitaji kuni, moto, maji na subira. Ukuta umekaa zaidi ya miaka 150.

Dari ilishikwa na boriti za mikoko. Mkoko ni mti mgumu, na mchwa hauuwezi kwa urahisi. Lakini boriti ya mkoko iliyo imara haiwi ndefu sana. Ndiyo maana katika nyumba za zamani za pwani vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake kama mita mbili na nusu au tatu tu. Aliyepima upana wa chumba alikuwa mti. Nyumbani kwako nako, fundi hukata chumba kwa kufuata urefu wa miti aliyonayo, si ndiyo?

Karibu na hapo kuna nyumba nyingine ya wakati huo huo. Inaitwa Nyumba ya Atiman. Watu wengi hupita mbele yake bila kuuliza Atiman ni nani. Adrian Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, karibu na mto Niger. Akiwa mtoto mdogo alikamatwa na kuuzwa utumwani. Wamisionari wa Kanisa Katoliki walimnunua huko Algeria wakamwacha huru, akasomea uganga kisiwani Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya ziwa Tanganyika. Hapo alitibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67 ya kutibu wananchi wa mahali pamoja. Jina lake likawekwa kwenye nyumba hii iliyojengwa katika siku za biashara ya watumwa. Kwangu mimi, jina hilo moja linatosha kulipa nusu ya nauli.

Utaona makanisa mawili makubwa. La kwanza ni la Katoliki, la Mtakatifu Yosefu. La pili ni la Kilutheri, Azania Front, lenye paa la vigae vyekundu. Yote mawili yalijengwa wakati wa Wajerumani, kati ya mwaka 1897 na 1902. Tazama vigae na minara, kisha ulinganishe na Boma la Kale. Hutapata shida kujua nani alijenga nini.

KIVUKONI HADI MAKUMBUSHO

Ukiendelea utafika Kivukoni. Hapo watu huvuka kwa pantoni kwenda Kigamboni. Karibu yake kuna soko la samaki la Magogoni. Kama hujawahi kumwona samaki mkubwa kuliko mtoto wa darasa la kwanza, hapa utamwona. Unaweza kula samaki wa kukaanga kwa mama lishe. Uliza bei kwanza, ndipo ukae.

Mbele kidogo ipo Ikulu. Jengo la kwanza lilikuwa nyumba ya gavana wa Kijerumani. Mwaka 1914 manowari za Kiingereza ziliipiga kwa mizinga ikaharibika. Waingereza wenyewe wakaijenga upya mwaka 1922. Hapo usipige picha, na usisimame kushangaa. Pita tu kwa heshima.

Pepo za bahari zitakupokea barabara ya Barack Obama, iliyokuwa ikiitwa Ocean Road. Hospitali ya zamani iliyopo hapo ilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897. Daktari mashuhuri Robert Koch, aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu, alifanya utafiti wa malaria mjini Dar es Salaam katika miaka hiyo. Siku hizi hospitali hiyo ni ya matibabu ya saratani.

Geuka sasa uingie mtaa wa Shaaban Robert. Jina hili unalijua ikiwa umewahi kushika kitabu cha mashairi ya Kiswahili. Hapo ndipo ilipo Makumbusho ya Taifa. Ilifunguliwa mwaka 1940. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo kuliko cha mgeni kutoka nje, lakini uliza mlangoni. Tenga saa nzima. Utapata habari za fuvu la Zinjanthropus, ambalo Mary Leakey alilipata bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959. Umri wake ni kama miaka milioni moja na laki saba na nusu. Utaona pia magari ya zamani ya viongozi. Nimeona watu wazima wakisimama mbele ya magari hayo muda mrefu kuliko mbele ya fuvu. Siwalaumu, gari tunalijua.

Soma vibao vya maelezo polepole. Hakuna anayekufukuza. Kwa wengi wetu, hapa ni mahali pa kwanza ambapo kusoma hakuhusu fomu wala risiti.

ASKARI ASIYE NA JINA

Toka Makumbusho uende barabara ya Samora. Katikati ya njia panda utaona sanamu ya shaba ya askari Mwafrika. Ameinama mbele, ameshika bunduki yenye singe, na singe inaelekea upande wa bandari. Sanamu hii iliwekwa na Waingereza mwaka 1927. Watu wote wa Dar es Salaam wanaijua. "Shuka Posta, nenda Askari," wanasema. Lakini wachache wamesimama kuisoma.

Soma wewe. Maneno yamewekwa kwa Kiingereza na Kiswahili, na pia kwa herufi za Kiarabu. Mtunzi wake alikuwa Mwingereza Rudyard Kipling. Yanawakumbuka Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, na pia wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi. Tafuta jina la mtu mmoja tu katika hao. Halipo.

Mahali hapo hapo, kabla ya vita, palikuwa na sanamu nyingine. Ilikuwa ya Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyeongoza vita dhidi ya watu wa pwani na baadaye akawa gavana. Yeye alisimama juu, na chini ya miguu yake alichongwa askari Mwafrika akimtazama. Waingereza waliing'oa sanamu hiyo. Mwishowe ilifika Hamburg, Ujerumani, na huko wanafunzi wa chuo kikuu waliiangusha kwa kamba. Mwaka 1968 ikaondolewa moja kwa moja. Kwa hiyo askari wetu amepanda kutoka chini hadi juu ya jiwe. Bado hana jina.

Kutoka hapo elekea Mnazi Mmoja. Njiani pita mitaa ya Kisutu na Mchafukoge. Jina la Mchafukoge linajieleza lenyewe. Inua macho. Nyumba nyingi za ghorofa moja au mbili, zilizojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi, zina mwaka ulioandikwa juu kabisa ya paa mbele, na pengine jina la mwenye nyumba. Hesabu umri wa kila moja. Lakini fanya haraka, kwa maana nyumba hizi zinavunjwa ili kujenga maghorofa marefu. Mji unahitaji nafasi, hilo halina ubishi. Hata hivyo nyumba ikivunjwa hata mwaka wake hausomeki tena, na mjukuu wako ataambiwa tu kwamba palikuwa na kitu.

Uwanja wa Mnazi Mmoja ni mahali pa kupumzika chini ya miti. Ulikuwa na kazi nyingine zamani. Wajerumani, na baada yao Waingereza, waligawa mji sehemu tatu: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, na sehemu ya Waafrika huko nyuma. Uwanja huu mtupu uliachwa katikati ili kuitenga sehemu ya Waafrika na zile nyingine. Ukiuvuka kwa miguu leo unatumia dakika chache. Wakati ule kuvuka kwenda kukaa upande wa pili halikuwa jambo la miguu.

Na huko nyuma ndiko uhuru ulikotafutwa. Katika mtaa wa Lumumba, uliokuwa ukiitwa New Street, TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Bibi Titi Mohamed, mwanamke wa Dar es Salaam aliyekuwa mwimbaji, aliongoza tawi la wanawake wa TANU na kuwaingiza wanawake wengi katika chama. Barabara kubwa inayopita Mnazi Mmoja ina jina lake. Kisome kibao.

KARIAKOO

Mwisho wa matembezi yetu ni Kariakoo. Jengo kubwa la soko lilichorwa na Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kuwa wasanifu wa majengo. Lilifunguliwa mwaka 1975. Paa lake limesimama kama miavuli mikubwa. Tarehe 10 Julai 2021 soko liliungua, na kazi ya kulikarabati ikafuata.

Lakini nataka utazame jina. Kariakoo si neno la Kiswahili cha zamani, wala si la Kizaramo. Limetokana na maneno ya Kiingereza, "Carrier Corps", yaani kikosi cha wapagazi. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, hapa ndipo walipoweka kambi ya wapagazi wao. Vita ile ilipiganwa nchi nzima, kwenye mapori yasiyo na barabara, na mbung'o waliua wanyama wa kubeba mizigo. Basi kila risasi na kila debe la unga vilibebwa na mtu. Jeshi la Waingereza lilichukua wanaume vijijini, na jeshi la Wajerumani nalo lilichukua. Wengi hawakuulizwa kama wanataka. Walikufa makumi ya maelfu, na zaidi ya risasi waliuawa na njaa, kuhara na malaria. Mashamba yao yalibaki bila watu wa kulima.

Pengine mmoja wao alitoka kijiji chako. Wenyewe wote wameshafariki, lakini wapo wazee waliosikia habari zao kutoka kwa baba na babu. Darasa lenu la kisomo linaweza kumwita mzee mmoja na kumwuliza: nani alichukuliwa kutoka hapa wakati wa vita ya Mjerumani? Alirudi? Aliitwa nani, mwana wa nani? Andikeni katika daftari jina, ukoo na mahali alipotoka. Jiwe la pale Samora halina majina hayo. Daftari lenu linaweza kuwa nayo.

Kutoka Kariakoo hadi kituoni si mbali. Pitia Gerezani, uliza njia kwa mwenye duka, usimfuate kila anayejitolea kukuongoza. Ukikaa kwenye kiti chako utaona miguu inauma. Hiyo ni kawaida. Fika kituoni mapema kama asubuhi, na tazama tena saa kwenye tiketi: toa 6.

Mwezi ujao tutakwenda Bagamoyo. Huko hakuna treni. Tutapanda basi.